UZI: Juu mu vitrini jiwe lina karatasi yake, chini mu butiki lina bei tu

Mwana_Katuba (mwenye uzi)

Ndugu zangu wa Lushi (Lubumbashi), wa Likasi, wa Kolwezi, wote wa Katanga huku Kongo, na ninyi mliotawanyika kule ng'ambo, nawasalimu. Hii kitu inanikaba koo tangu wiki mbili, nikisema nitaandika kifupi nitadanganya, basi mwenye haraka apite na mwenye muda avute kiti.

Mutoto wa mama mukubwa yangu anaishi Ulaya na bwana yake. Siku ya mapumziko walipeleka watoto mu makumbusho moja ya mambo ya asili, jina siandiki, akanitumia picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza ni ya ghorofa ya juu, vitrini yenye taa, ndani kuna jiwe la malakite, lile la shaba, kubwa sawa kichwa cha mbuzi, kijani yenye miviringo miviringo, na pembeni karatasi iliyochapwa vizuri: jina la jiwe, fomula yake ya kemia, "Katanga", jina la Muzungu aliyelileta, mwaka aliolileta, namba ya mukusanyo. Picha ya pili ni ya chini, butiki yenye iko karibu na mulango wa kutokea, kikapu kimejaa mayai ya malakite na tembo wadogo na visanduku vya kuwekea pete, karatasi moja imechomekwa katikati: euro 38. Chini ya bei neno moja, "Afrika". Basi.

Akaniandika chini ya picha: "Yaya, hii yai si sawa na za mujomba?"

Niliivuta ile picha na vidole mpaka ikaanza kuvurugika. Siwezi kuapa kama ni yake, mafundi wa malakite hapa Lubumbashi ni wengi na yai ni yai. Lakini mujomba ana mazoea ya kuacha lile jicho jeusi la jiwe upande munene wa yai, si upande wa ncha, anasema likikaa kwenye ncha yai linakuwa kama linamukodolea mutu. Na lile la picha jicho lilikuwa upande munene.

Sasa njo swali langu, na njo sababu ya uzi: jiwe lile lile, nyumba ile ile, likikaa juu linapewa karatasi yenye mistari sita, likishuka ngazi kwenda kuuzwa linabaki na bei peke yake. Kwa nini?

Ngoja niwaambie kwanza yai linatengenezwaje juu wengi mnanunua bila kuona. Mujomba alianza hii kazi alipotoka kwenye kampuni, miaka ile watu walirudishwa nyumbani kwa maelfu. Asubuhi anafungua gunia, anashika jiwe moja moja, analigonga na nyundo ndogo huku amelisogeza kwenye sikio, likilia vizuri ni zima, likitoa sauti ya chungu kilichopasuka analiweka kando, hilo litakatwa vipande vya kubandika kwenye visanduku. Kisha mashine ya kukata, na maji. Yale maji yanatoka kijani kama ya sombe iliyotwangwa na yanatiririka mpaka mu mufereji wa barabara ambako bata wa jirani wanakunywa. Malakite si jiwe ngumu, kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe ni kati ya 3.5 na 4, kisu cha chuma kinalikwaruza, njo maana linakubali kuchongwa na njo maana pia linatoa vumbi upesi. Na ile vumbi si udongo, malakite safi karibu asilimia 57 ya uzito wake ni shaba tupu. Akimaliza kukata anasugua na musasa mukali, halafu laini, halafu wa maji, mwisho nta na kitambaa, na ni wakati wa musasa mukavu pale nyumba nzima inageuka kijani, kope, nyusi, sahani zilizofunikwa, nguo za mutoto zilizoanikwa. Anajifunga kitambaa puani. Jioni akipenga kamasi ni kijani. Anakohoa miaka sasa, na daktari aliyemuona alimuuliza kama anavuta sigara, yeye hajavuta hata moja maisha yake.

Yai moja kubwa kama la bata anamuuzia mwenye kupeleka nje dola 4, siku nzuri 5. Sitaki kupiga hesabu ya tofauti na zile euro 38 juu najua kuna ndege, kuna ushuru, kuna kodi ya duka, kila mwenye alibeba lazima ale. Faida ya mwenye duka si njo inaniuma. Ni lile neno "Afrika".

Kamalondo_Kwetu

Yaya Mwana_Katuba nakuheshimu lakini hapa unacheza na moto. Ukiwafundisha wanunuzi kuuliza maswali mengi hawatauliza, wataacha tu kununua. Mutu wa makumbusho ana kazi mia moja, ukimwambia malakite ya Kongo ina mashaka atatoa mayai yote mu kikapu ataweka sabuni na kalamu. Halafu mujomba wako atauza kwa nani? Watu wa Kivu waliona hii sinema, waulize.

Ibanda_Bukavu

Nimeitwa nikaja. Ndugu wa Kamalondo anasema kweli na mimi niko shahidi. Julai 2010 Marekani walipitisha ile sheria yao ya Dodd-Frank, kifungu 1502, yenye kutaka kampuni ziseme kama madini yao yanatoka Kongo na kama yanalisha wenye silaha, huku kwetu batu waliiita sheria ya Obama. Septemba mwaka ule ule raisi wetu akasimamisha uchimbaji wote wa mikono mu Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011 njo ikafunguliwa. Ile miezi sita usiniulize. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya primeri kijiji kimoja njia ya Kalehe, darasa langu lilianza na watoto 52, kufikia Krismasi nilibaki na 31, wazazi hawakuwa na makuta ya kulipa. Hata baada ya kufungua wanunuzi wakubwa hawakurudi, waliona ni rahisi kununua kwengine kuliko kuchunguza. Wenye silaha walihamia kwenye dhahabu juu dhahabu unaificha mu mufuko wa suruali, mwenye kuumia akawa mwenye kasiterite, lile jiwe la bati.

Halafu vikaja vile vitambulisho vya plastiki vya kufunga kwenye gunia, kuonyesha limetoka shimo gani. Kule Nyabibwe vilianza 2012. Nasema haki, vilisaidia, wanunuzi walirudi, soko ilifufuka. Lakini nasema pia tena mbele ya Mungu, kitambulisho kinaweza kuuzwa. Gunia la shimo lisiloruhusiwa linatembea usiku, asubuhi linaamka na kitambulisho cha shimo lililoruhusiwa. Karatasi peke yake si ukweli, yaya, lazima kuwe na mutu nyuma yake anayeweza kuulizwa.

Mwana_Katuba (mwenye uzi)

Ndugu wa Bukavu asante, hao watoto 21 umewaleta mbele ya macho yangu. Na Kamalondo sikupingi ile hatari, naiona. Kwa hiyo niseme wazi mimi SIOMBI mutu aache kununua malakite. Akiacha, mujomba analala njaa, na mwenye kuchimba analala njaa kabla yake.

Ila muangalie jambo moja. Ile sheria ya Marekani na ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2021 zote mbili zinahusu vitu vinne tu, bati, tantali, tungsteni na dhahabu. Malakite haimo. Kwatzi haimo, ametisto haimo, sitrini haimo, hata kobalti ambayo dunia nzima inaililia haimo. Maana yake kampuni ya simu inalazimika angalau kutoa ripoti juu ya tantali ya chembe ndogo ndani ya simu, lakini duka linalouza kilo nzima ya jiwe la Kongo mukononi mwa mutoto halilazimiki kusema hata mukoa. Na tofauti na simu, hapa jiwe halijayeyushwa, halijachanganywa na kitu, unalishika kama lilivyotoka ardhini. Kama kuna kitu ambacho asili yake ingekuwa rahisi kufuata ni hiki.

Mwanajiolojia_Kasapa

Habari ya jioni. Nasoma jiolojia hapa Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, niko mwaka wa mwisho, naomba niingize kidogo ya darasani juu kuna mutu ataleta hoja kwamba "haiwezekani kujua lilikotoka".

Malakite inazaliwa juu juu, haizaliwi chini sana. Madini ya shaba yenye salfa yako chini, maji ya mvua yanashuka na hewa yanayavunja, ile shaba inayeyuka inatembea, inakutana na kaboni ya mawe ya dolomiti yenye yamejaa huku kwetu, inaganda tena polepole tabaka juu ya tabaka, njo ile miviringo. Kwa hiyo kila machimbo yenye shaba huku Katanga ina kofia ya kijani, Kalukuluku, Ruashi, Luiswishi, Kambove, Kolwezi, na mababu waliitambua bila mashini, walitafuta vilima vyenye miti haioti na pale kunaota mumea mudogo wa maua ya buluu, unaitwa Haumaniastrum, unapenda shaba pale mimea mingine inakufa.

Je unaweza kuangalia yai ukasema hili ni la Kambove? Kwa macho, hapana, atakayekuambia anaweza anakuuzia maneno. Jiwe bichi linatoa dalili, ukiona ganda jeusi la heterogenite ujue kobalti iko jirani, ukiona kalsiti ya rangi ya waridi kali wengi watakuambia Kolwezi, lakini jiwe likichongwa na kung'arishwa zile dalili zote zimesuguliwa zikaondoka. Kwa hiyo habari ya lilikotoka lazima itembee na jiwe tangu shimoni, ikipotea dipo, pale magunia yanauzwa, hairudi tena. Dunia imepoteza habari namna hiyo kwa malakite ya Urali kule Urusi, ile yenye walijengea chumba kizima mu jumba la kifalme Saint Petersburg, jina la mfalme tunalijua, wachimbaji hatuwajui.

Na tusisahau, lile ganda jeusi si pambo. Kobalti na malakite zinatoka mu shimo moja na mikono ile ile. Watafiti wa hapa chuoni na wa Leuven walitoa kazi yao 2018 juu ya Kasulo, ile kartye ya Kolwezi watu walichimba mpaka chini ya vitanda vyao, wakakuta kobalti nyingi mu mukojo na damu ya wakaaji, na watoto njo walikuwa nayo zaidi. Na tarehe 27 Juni 2019 karibu na Kolwezi udongo uliwafunika wachimbaji zaidi ya 40 siku moja. Nani anaweza kusema hakuna jiwe la kijani lililopita mikononi mwao likaishia kwenye kikapu kama kile.

Likasi_Panda

Kifupi tu kwa wanaokusanya mawe. Mukiona mu vitrini au mu soko visindano vya njano au kijani kali vyenye karatasi "Shinkolobwe" au "Musonoi", ni madini ya urani, yanatoa mionzi. Shinkolobwe, ile iliyotoa urani ya bomu ya Wamarekani, ilifungwa kwa amri ya raisi mwanzo wa 2004, mwaka ule ule watu wakaingia tena shimo likaporomoka wakafa. Makumbusho makubwa yanaweka hayo mawe mu kabati lenye hewa inayotoka. Mwenye ameyauza sokoni aliyabeba mu mufuko wa shati. Nimemaliza.

Mama_Mwongozo

Wanangu, mimi niliongoza wageni na wanafunzi kwenye makumbusho ya hapa mujini miaka mingi, sasa nimestaafu, miguu haitaki ngazi tena. Mwana_Katuba umeandika vizuri lakini ruhusu mama yako akurekebishe mahali pamoja. Unasema juu mu vitrini jiwe lina karatasi yake kamili. Soma tena ile karatasi. Jina la jiwe, fomula, mahali, jina la Muzungu, mwaka, namba. Aliyechimba yuko wapi? Hayumo juu pia.

Yule Muzungu wa kwenye karatasi hakushika sururu. Alikuwa injinia au afisa au padri, jiwe lililetwa mezani kwake. Kampuni ya Union Minière iliundwa 1906, shaba ya kwanza ilitoka hapa kwetu Lubumbashi 1911, na walioingia shimoni waliletwa kwa kuandikishwa kutoka Kasai, Rwanda-Urundi, Rhodesia, wengi hawakurudi kwao. Nilipokuwa nasimama mbele ya ile misalaba ya shaba, ile tunaita handa, ile yenye mababu walitumia kama makuta na mitatu yake ikapigwa kwenye bendera ya Katanga 1960, wanafunzi walizoea kuniuliza, mama, nani aliiyeyusha? Nilikuwa nawaambia wala-shaba, wazee wa tanuru, walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, mwenye kuongoza alishika miiko siku zote za kuyeyusha, na jiwe walilotia ndani ni hii hii malakite. Lakini jina la mutu hata moja sikuwa nalo. Ile misalaba ya makaburi ya Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, tunajua nani aliifukua miaka ya 1950 na hatujui nani aliimimina.

Kwa hiyo mwanangu usiombe karatasi ya juu ishuke chini. Ile karatasi yenyewe ina tundu.

Na hili nalo mulijue. ICOM, ule muungano wa makumbusho wa dunia, una kanuni ya maadili, inasema makumbusho isiingize kitu mu mukusanyo bila kuchunguza kilikotoka na kama kilitolewa kwa haki, na sampuli za mawe nazo zimo. Mutu wa mukusanyo anaijua hiyo kanuni kama sala. Mutu wa butiki mara nyingi ni idara nyingine, anapimwa kwa mauzo. Nyumba moja, wanakula mahali pamoja saa sita, hawajawahi kuulizana.

Mwana_Katuba (mwenye uzi)

Mama nimesoma hii mara tatu. Nakubali. Nilikuwa nimekaza macho kwenye tofauti ya juu na chini sikuona kama wote wawili wamemuruka mutu yule yule.

Simanjiro_Arusha

Wakuu salaam kutoka Tanzania. Uzi umenigusa maana kwetu Mererani tanzanaiti ilivuka mpaka miaka mingi bila jina la mtu. 2018 serikali ikajenga ukuta kuzunguka machimbo, kama kilomita 24, na 2019 yakaanza masoko ya madini, Geita ilitangulia, ambapo mchimbaji mdogo anauza mbele ya serikali na anapewa karatasi. Sisemi kila kitu kimekuwa sawa, kuna wachimbaji wanalalamika upekuzi pale getini ni wa kudhalilisha na wana haki ya kulalamika. Ila mnakumbuka Juni 2020, mzee Saniniu Laizer alipouza mawe mawili, moja kilo 9 na ushee na lingine kilo 5, akalipwa shilingi bilioni 7.7? Dunia nzima ilimjua kwa jina, kwa shuka lake, kwa shule aliyosema atajenga. Yale mawe yakikaa kwenye makumbusho yoyote huwezi kuandika karatasi bila jina lake. Kwa hiyo inawezekana jamani, ila ilihitaji jiwe la bilioni ndio mchimbaji apate jina. Swali langu kwenu Wakongo, mchimbaji wenu wa malakite anauza wapi kisheria?

Mwanajiolojia_Kasapa

Kaka wa Arusha, kisheria iko hivi. Kode yetu ya madini ya 2002 ilivyobadilishwa Machi 2018 inataka mwenye kuchimba kwa mikono awe Mukongo mutu muzima, awe na karti ya mwaka, awe ndani ya kooperative, na achimbe mu eneo lililotengwa, tunaita ZEA. Shida yenyewe ni maeneo. Mahali penye mali pamekwisha kupewa kampuni, ZEA nyingi ziko mbali au jiwe liko chini sana kwa sururu. Kwa hiyo ba-creuseur wengi, hao wachimbaji wa mikono, wanachimba kwenye ardhi ya mwingine, leo wanavumiliwa, kesho wanafukuzwa na askari. Mutu anayechimba namna hiyo ukimuomba jina la kuandika kwenye yai atakuuliza unamufanyia nini polisi.

Ibanda_Bukavu

Hapo kaka umegusa mahali. Jina linaweza kuwa heshima na linaweza kuwa kamba ya shingoni. Kwetu msimamizi alikuwa na orodha ya wachimbaji na siku wenye bunduki walipopita ile orodha njo kitu cha kwanza walitafuta.

Dada_wa_Picha

Mimi njo yule mutoto wa mama mukubwa, yaya alinitumia link nikaona nijiandikishe. Nilirudi kule Jumamosi, peke yangu bila watoto, nikaongea na dada wa kaunta. Alikuwa na adabu sana. Hakujua. Aliniita mukubwa wake, naye hakujua lakini hakukasirika, alifungua kompyuta mbele yangu akanionyesha fakitire: mayai 60, tembo 40, "malakite, Afrika", jina la muuzaji wa jumla. Alisema muuzaji huyo wanakutana naye kwenye maonyesho ya mawe, ile ya Munich ya Oktoba, na muuzaji naye hununua kwa wengine kwenye ile ya Tucson kule Arizona au Sainte-Marie-aux-Mines, Ufaransa, mwezi wa sita. Nikahesabu mikono kwenye karatasi yangu: mwenye kuchimba, mwenye kubeba gunia, dipo, fundi, mwenye kupeleka nje, wa maonyesho ya kwanza, wa jumla, butiki. Mikono minane. Kila mukono unajua mukono mumoja nyuma yake, hakuna unaojua miwili.

Kilichonishtua ni vile vijiwe laini vya kuuza kwa kiganja, vile watoto wanachagua kwenye bakuli. Niliuliza kama navyo vimetengenezwa Kongo, yule bosi akasema hapana, mawe mabichi ya kila nchi yanapelekwa India na China kuzungushwa kwenye mapipa mpaka yalainike. Nikasoma baadaye juu ya muji wa Khambhat, Gujarat, wanachonga akiki kwa karne nyingi, na wachongaji wanakufa na silikosi, vumbi la jiwe kwenye mapafu. Nilikaa kwenye basi nikamuwaza mujomba na kile kitambaa chake.

Mwisho yule bosi aliniuliza swali sikuwa na jibu: "Ungependa tuandike nini?" Alikuwa anamaanisha. Alisema akipata habari ya kweli ataichapa, nafasi ya karatasi anayo. Yaya, tuandike nini?

Kamalondo_Kwetu

Sikutegemea kama atauliza hivyo. Nilisema wataweka sabuni, nakiri nilikosea kwa huyu.

Mwana_Katuba (mwenye uzi)

Samahani nimekawia siku nne, sikuwa na kredi halafu nilikuwa kwa mujomba.

Nilimuonyesha picha. Alivaa miwani akaangalia muda murefu akasema, "Lile ni langu, au ni la mutoto niliyemufundisha, mumoja wa hao wawili." Nilimusomea swali la yule bosi. Alinyamaza akaendelea na musasa, nikafikiri hajasikia. Baadaye akasema andika.

Hii njo tuliandika, kwa Kiswahili kwanza, dada atageuza kwa lugha ya kule:

"Hili jiwe ni malakite, madini ya shaba, kutoka Katanga ya Juu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Limekatwa na kung'arishwa kwa mukono katika muji wa Lubumbashi, komini ya Katuba. Fundi alilipwa dola ____. Limechimbwa katika ____, na wachimbaji wa ____."

Bei aliikubali mwenyewe, alisema waandike 4, wasione haya na mimi sioni. Jina lake alikataa lisiwekwe, alitaka ile alama yake ndogo ya samaki anayochora chini ya tembo, mafundi wote wa hapa wanaijua, mwenye kutaka kumutafuta atamupata. Nilimuambia vile ndugu wa Bukavu aliandika juu ya orodha, akasema huyo mutu ana akili.

Tulivyofika kwenye mustari wa kuchimba akasimama. Miaka zaidi ya 20 anafungua magunia na hajui. Ananunua dipo moja njia ya Kipushi, mwenye dipo anasema "ni ya Kambove" akitaka bei ya juu na "ni ya huku huku" akiwa na haraka. Mujomba alisema, na niliona inamuuma, "Mimi pia nilikuwa nauza Afrika."

Nikamuambia tuache wazi ile nafasi, Mama Mwongozo alisema karatasi ya juu ina tundu, sisi yetu tuionyeshe tundu lake, tusiandike Kambove ya uongo. Alikubali nusu. Alisema nafasi wazi kwa mara ya kwanza sawa, kwa mara ya pili ni uvivu.

Kesho saa kumi na moja asubuhi tunapanda taksi-bisi ya Kipushi. Tutakaa pale dipo mpaka pikipiki za magunia zifike, tumuulize mwenye kuendesha, si mwenye dipo. Kuhusu kuandika majina ya watu hatutaandika, tutauliza kooperative kama ipo, na kama haipo tutauliza kilima tu. Ametayarisha pia barakoa nne zile nzito, moja yake, moja ya mutoto wa kazi, mbili za kumupa atakayetuambia ukweli.

Mwanajiolojia kama unapenda kuja, tunapita pale rond-point saa kumi na nusu, leta kile kitabu chako cha mawe.

Mwanajiolojia_Kasapa

Ninakuja. Naleta na nyundo.